TAHADHARI: huyu wa "TB kwisha siku 14" ni tapeli

Wadau kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, picha yake ya profaili kavaa koti jeupe na ile mipira ya madaktari kaitundika shingoni, anauza dawa ya TB anasema unamaliza kwa siku 14, huendi kliniki na jirani hajui kitu. Kampiga mdogo wangu 120,000.

Dogo ni konda, ruti ya Mbagala. Kakohoa kama mwezi na nusu akaenda kupima akaambiwa TB, akatoroka kabla hata hawajamuandikisha maana anasema ukionekana pale dirishani mtaa mzima unakutangazia una ngoma. Ndo akaangukia kwa huyo. Mzigo ukaletwa na bodaboda, kapsuli nyekundu kwenye bahasha ya kaki, hakuna jina hakuna tarehe ya kuisha. Na jamaa mjanja kwelikweli, alimtangulizia kabisa "ukiona mkojo umekuwa wa chungwa ujue uchafu wa mapafu unatoka". Na kweli ukawa wa chungwa! Hapo dogo akaamini mazima, kikohozi kikapungua, ugali akaanza kuumaliza, siku 14 zikaisha akaacha. Haikupita muda jasho la usiku likarudi na safari hii makohozi yana damu.

Nikamburuza hospitali mwenyewe. Nesi kusikia habari ya mkojo tu akatikisa kichwa, akasema hiyo rangi ni ya rifampisini, moja ya dawa za TB, hata mtu mzima wa afya akiimeza anakojoa hivyohivyo, uchafu gani sasa. Dozi yenyewe ni dawa 4 kwa pamoja miezi 2, alafu 2 kati ya hizo miezi 4 mingine, na idadi ya vidonge wanaangalia kilo zako. Ukimeza moja peke yake wadudu wanaizoea, unapata TB sugu. Wakarudia makohozi kwenye mashine ya GeneXpert, ile inayoonyesha kama TB imeshakuwa sugu, usiku ule mi sikulala, ila majibu yakaja usugu haupo, kaanza upya. Na yote bure jamani, kipimo bure dawa bure, ile hela tumelipia aibu.

Nilimpigia jamaa akasema dogo "hakuzingatia masharti", alafu akanibloku. TMDA, wale mamlaka ya dawa, nimeshawaripotia na bahasha nimewapelekea. Ila jana nimekuta tangazo grupu lingine, namba mpya, koti lilelile, saivi anasema siku 10.