Uzoefu wangu: kuchongesha kitanda cha mtoto Keko, mninga mtupu, cha kufungua na kufunga

Wifi yangu wa Dodoma alikuwa anakaribia kujifungua, mjukuu wa kwanza kwa wazazi wetu, kwa hiyo sisi upande wa mume tukakubaliana zawadi iwe moja ya maana badala ya kila mtu kuja na beseni na pampasi zake. Mi ndo nakaa Dar so hela ya mchango ikatua kwangu. Nlianzia Kariakoo, vitanda vya dukani vipo kibao, vile vyeupe vinavutia kwa macho ila ukigonga kwa kidole unasikia ni MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukishika ubavu ukitikisa kidogo kinacheza chote, na bei yake sasa, utasema wanauza mbao za dhahabu. Nikasema hapana, bora niende Keko nichongeshe.

Kwa asiyepajua, Keko ipo Temeke na pale ni maseremala mwanzo mwisho, makabati na sofa zimepangwa mpaka barabarani, randa zinalia huku jamaa anapiga vanishi kule. Raha yake unaona kazi ikifanyika mbele ya macho yako. Karaha yake kila unayemsimamia anakwambia "hiyo kazi ndogo sana dada angu, niachie tu advansi". Usiache advansi kabla hujaiona mbao yenyewe, nasisitiza.

Fundi niliyempata mkono anao, hilo simnyimi. Tukaenda wote kuchagua mbao. Paini ni rahisi na nyepesi, ile isiyotiwa dawa haina shida kama hela haitoshi, ila zile za kijani kijani zinazouzwa kwa ajili ya kenchi za paa usikubali hata upewe bure, ile dawa ya mchwa mara nyingi ina arseniki, sumu hiyo, na mtoto akianza kuota meno cha kwanza kutafuna ni mbao ya juu ya kitanda. Sisi tukachukua mninga. Mninga wenyewe ni ule wa kahawia unaokimbilia wekundu wenye mistari ya giza, hicho ni kiini. Pembeni kuna weupe, ile sehemu ya nje ya gogo, na huo weupe wadudu wanaotoboa mbao wanaupenda balaa, baadaye unaanza kukuta unga unga chini ya kitanda unashangaa umetoka wapi. Na mafundi wanaujua, ndo maana wengine wanakimbilia kupaka rangi ya kahawia nzito ili kote kufanane. Mi nlimwambia hakuna kupaka rangi, vanishi klia tu, na kila mbao nikaigeuza pande zote kabla haijakatwa. Muuza mbao alininunia lakini potelea mbali. (Vumbi la mninga lisikieni hivyo hivyo, nlipiga chafya mpaka naondoka, mwenye pumu asisogee kwenye mashine.)

Sasa hapa ndo pa kuwa makini kuliko pote: vipimo. Hawa mafundi kitanda cha sita kwa sita wanakitengeneza wamefumba macho, ila cha mtoto mchanga hawana kipimo kichwani, wanakisia. Wangu alianza kupanga zile fito za ubavuni kwa upana wa kiganja chake. Nikamwambia fundi hapo ni pakubwa, akacheka, "dada angu, mtoto gani atapita hapo?" Shida wala sio apite mzima, shida mwili unapita kichwa kinabaki. Marekani nafasi kati ya fito na fito haitakiwi kuzidi sentimita 6, Ulaya wanaenda mpaka 6.5, kwa hiyo mi nlikuwa nimebeba kopo tupu la soda kwenye mkoba, lile la kawaida, maana kipenyo chake kimezidi sentimita 6 kidogo tu. Nikalichomeka kati ya fito zake likapita bila kugusa. Hakubisha tena. Akachukua kipande cha mbao kilichobaki akakikata sentimita 6 kamili, akawa anakibana kati ya fito na fito kabla ya kugonga, ubavu wote ukatoka nafasi sawasawa kama umechapishwa. Na hakugonga misumari, alitoboa matundu kwenye mbao ya juu na ya chini kwa patasi halafu kila fito ikaingia na gundi, hapo nlimpa heshima yake.

Nguzo za kona nlimwambia azikate ziwe usawa na mbao ya juu, zisichomoze vile vichwa vya urembo, maana nguo ya mtoto inanasa. Alikuwa pia na picha kwenye simu ya kitanda chenye ubavu wa kushuka na kupanda, akanishawishi kweli kweli eti ndo wateja wa Masaki, kule kwa wenye hela, wanataka. Nikamwambia hivyo Marekani walivipiga marufuku kuuzwa tangu 2011 sababu ubavu ulikuwa unachomoka watoto wanabanwa, we nipigie pande zote nne zisimame hapo hapo. Kwenda chini kutoka mbao ya juu mpaka kwenye chaga ikiwa chini tukaweka sentimita 65, na chaga ina sehemu mbili za kuifungia, ya juu kwa kichanga ili mama asivunjike mgongo, ya chini mtoto akianza kujivuta kukaa.

Kwa kuwa kinasafiri, kimefungwa na bolti nane, spana namba 13 basi, hakuna kingine. Kikafunguliwa, kikafungwa na maboksi na kamba, nikakipandisha basi stendi ya Magufuli, kaka akakipokea akakiunga mwenyewe na hajui hata kushika nyundo.

Lawama zangu. Muda, alisema wiki mbili na sihitaji kuwaambia ikawaje, mara umeme, mara kijana wake kasafiri, mara "kesho dada asubuhi kabisa", piga simu mpaka uchoke. Nyingine vanishi, alipaka jioni akataka nikibebe kesho yake wakati bado kinanata na harufu inachoma macho. Nlikiweka kibarazani kwangu mpaka harufu ikaisha kabisa ndo nikakisafirisha, na nyie fanyeni hivyo, ombeni siku za kutosha kabla ya mama kujifungua. Na msasa wa mwisho kwenye kona za ndani sikuridhika, nlipita na kipande cha namba 240 mwenyewe.

Godoro tulikata sponji nzito ya 60 kwa 120, inchi 4, na ndo ilitangulia kabla ya fremu, ukitanguliza fremu unabaki na upenyo pembeni. Vikipita vidole viwili kati ya godoro na mbao, rudisha. Mito ile ya kuzungushia ubavuni tuliletewa na ndugu tukaitumia kupamba sofa, mtoto analala chali kwenye shuka iliyobana na hakuna kingine.

Gharama yote na godoro na nauli ya mzigo ilikula laki sita na ushee, cha Kariakoo kinachofanana nilitajiwa laki tano bila godoro. Uzito ni wa kweli, kukihamisha chumba kwa chumba ni watu wawili. Bi mkubwa, mama yetu, yeye amekikubali ila analalamika "mume wangu" (ndo anavyomwita mjukuu wake) hajawekewa pa kufungia chandarua, kaka akapiga ndoano darini wakaninginiza kile cha duara. Kazi ya mbao nampa fundi 9 kwa 10, ahadi zake 3. Mwingine akitaka namwelekeza, ila aende na kopo lake la soda.