Piza ya Chicago au ya New York: ipi ikufae safarini?

Piza nene ya Chicago, ile inayookwa kwenye chombo chenye kina kama cha keki, inataka muda. Hukaa jikoni dakika 30 hadi 45, kwa hiyo pale Lou Malnati's, migahawa ya piza iliyoanza 1971, omba kuagiza ukiwa bado unasubiri meza. Jibini hutandazwa chini na mchuzi wa nyanya humwagwa juu yake, kwa sababu jibini lililo wazi lingeungua kabla mkate haujaiva katikati. Wageni wengi hukosea kwa kuagiza kubwa mno: ya inchi 9 inawatosha watu wawili wenye njaa. Soseji yake ni ya nguruwe. Asiyeila achukue ya mchicha. Ikifika mezani, iache itulie kidogo, la sivyo kila kitu kitachuruzika sahanini. (Wenyeji wenyewe mara nyingi hula ile nyembamba iliyokatwa miraba, nayo ni tamu kweli.)

New York unakula umesimama. Joe's Pizza ya Carmine Street, tangu 1975, huuza kipande kimoja kimoja. Chagua cha jibini tupu: ndicho kinachotoka kwa kasi, hivyo hakikai sana kaunta. Kikunje kwa urefu ili ncha isilegee na mafuta yasikudondokee.

Kwa mwenye saa moja kati ya safari mbili, New York inashinda bila ubishi. Chicago ni ya jioni yenye nafasi, na bili yake ya mezani uiongezee bahshishi ya asilimia 18 hadi 20.