Jiko la zamani na pesa kidogo: cha kununua kwanza na cha kuacha

Ingia duka la vifaa vya jikoni useme unataka kutengeneza jiko la nyumbani, na kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni makabati. Yamepangwa mbele, yanang'aa, na milango yake inajifunga yenyewe taratibu. Kwa mwenye pesa kidogo, mimi nasema kabati ndilo la mwisho. Jiko huchakaa pale linapoguswa na maji, moto na kisu kila siku, na hapo ndipo shilingi ianzie. Vitu vilivyo hapa nimevipanga kwa kipimo hicho.

Jiko ninalolizungumzia ni lile la nyumba ya kawaida ya mjini, iwe Dar, Tanga au Mombasa: chumba chembamba, slabu ya zege, sinki moja, dirisha la nondo. Kama umepanga, chukua ya taa na ya gesi tu. Mengine zungumza kwanza na mwenye nyumba, na kama mmekubaliana gharama ikatwe kwenye kodi, yaandikwe.

1. Taa

Ndicho kitu rahisi kuliko vyote na ndicho kinachosahauliwa. Majiko mengi yana balbu moja katikati ya dari, kwa hiyo anayekata vitunguu anasimama kwenye kivuli chake mwenyewe. Nunua taa ndefu ya LED ya futi 2, ifungwe ukutani juu ya kaunta au chini ya shelfu. Hiyo ya dari nayo badili: LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Kwenye boksi tafuta namba yenye herufi K, inayoonyesha rangi ya mwanga. 6500K ni mweupe unaoelekea buluu, unaifanya nyama ionekane imelala siku mbili. 3000K ni wa njano. Chukua 4000K.

2. Sinki na bomba

Hapa usibane pesa. Sinki nyingi za bei ya chini zinauzwa kwa jina la stenlesi, lakini stenlesi zipo za madaraja. Daraja 304 lina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi, ndiyo maana wakati mwingine hugongwa muhuri wa 18/8. Daraja 201 limepunguziwa nikeli na kuongezewa manganizi ili bei ishuke, na daraja 430 kwa kawaida halina nikeli kabisa. Ukiwa Dodoma unaweza usione tofauti haraka. Ukiwa Kigamboni au Nyali, kwenye upepo wa chumvi, 201 na 430 zitaanza madoa ya kutu pembeni mwa tundu la maji mapema sana.

Muuzaji akikupa sumaku ujaribu mwenyewe, usiridhike bado. Sumaku ikinata vizuri, hiyo ni 430, iache. Isiponata, inaweza kuwa 304 na inaweza kuwa 201 vilevile, kwa sababu zote mbili sumaku haizishiki. Hapo inabaki muhuri, risiti iliyoandikwa daraja, na unene. Unene wa milimita 0.8 na kuendelea ni mzuri; zile za nusu milimita ukizigonga kwa kidole zinalia kama debe tupu. Geuza sinki uangalie chini: nzuri huwa imebandikwa mpira au kupakwa rangi nzito ya kupunguza kelele na jasho.

Halafu ukubwa. Bakuli moja kubwa ni bora kuliko mawili madogo, hata kama mawili yanapendeza kwenye picha. Sufuria ya pilau ya shughuli haiingii kwenye bakuli dogo, na utaishia kuioshea uani. Nenda dukani na kipimo cha sufuria yako kubwa kuliko zote.

Bomba lichaguliwe kwa uzito. La shaba ya manjano lililopakwa kromiamu ni zito mkononi. Jepesi ni la aloi ya zinki au plastiki. Shingo iwe ndefu, inayozunguka. Kwa nyumba inayotegemea tangi la juu presha huwa ndogo, na michanga huziba chujio la mdomoni, kwa hiyo chukua lile ambalo chujio lake linafunguka kwa mkono. Chini ya sinki, fundi asikwepe kufunga kile kipinde kinachobakiza maji ndani. Bila hicho, harufu ya shimo na mende vitapanda moja kwa moja.

3. Kaunta

Kabla ya kununua chochote, sugua iliyopo. Nyumba za zamani zina kaunta za terazo zilizofunikwa na uchafu wa miaka au rangi ya mafuta aliyopaka mpangaji fulani. Ukikuta terazo nzima, mlete fundi mwenye mashine aisage na kuing'arisha. Utakuwa umepata kaunta bila kununua kaunta. Kasoro yake ni moja: terazo ya kawaida ni saruji na vipande vya jiwe la marumaru, na asidi huvila vyote viwili. Ndimu na siki zikikaa usiku kucha zinaacha alama isiyofutika. Nyumba inayotengeneza achari ijue hilo.

Kama huna terazo, chaguo langu kwa pesa ndogo ni marumaru za kisasa za poseleni (hivi ni vigae, si lile jiwe), zile za sentimita 60 kwa 60, zilazwe juu ya slabu uliyo nayo. Kaunta nyingi zina kina kinachokaribia sentimita 60, kwa hiyo kigae kimoja kinatoka ukutani hadi ukingoni. Mistari ya maungio inayobaki ni michache, tofauti na vile vidogo vya 30 kwa 30 ambavyo vinageuza kaunta kuwa daftari la hesabu. Ushindi wa jiko uko kwenye maungio, maana huko ndiko bizari na mafuta hukaa. Grauti, ule uji unaozibia maungio, ikiwa nyeupe itakuwa ya njano kabla ya Ramadhani nyingine. Weka ya kijivu, na pesa ikiruhusu, ya epoksi. Ukingoni pafungwe kona ya aluminiamu, la sivyo sufuria ya kwanza itakayogonga itamega kigae.

Graniti ni bora kuliko vyote hivyo kwa maisha marefu. Sufuria ya moto haiitishi na ndimu haiiumizi, ila ipakwe dawa ya kuziba vitundu kila baada ya muda ili mafuta yasizame. Wengi wanakata tamaa kwa sababu wanauliza bei ya bamba zima. Jiko dogo halihitaji bamba zima. Nenda karakana inayokata graniti, uliza vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu wengine. Ukikubali rangi ambayo hukuiota, bei inashuka. Ikifika karibu na gharama ya marumaru, saruji na fundi, chukua graniti usigeuke nyuma.

Kaunta ya mbao, hata mninga au mkongo, iwe mbali na sinki. Ile ya mbao za unga iliyobandikwa karatasi ngumu juu usiiguse.

4. Gesi

Jiko la mezani la vichomeo viwili vya chuma cha kalibu linawatosha watu wengi. La vichomeo vinne lenye oveni, mara nyingi oveni hugeuka stoo ya masufuria. Pesa inayobaki iende kwenye mtungi mkubwa: kilo 15 Tanzania, kilo 13 Kenya, badala ya ule wa kilo 6 unaoisha katikati ya ubwabwa. Regyuleta inunuliwe baada ya mtungi, kwa sababu lazima ilingane na vali yake.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Kwa hiyo kuuficha mtungi ndani ya kabati lililofungwa, ili jiko lionekane la kwenye jarida, ni hatari. Kama lazima, kabati liwe na matundu chini kabisa, yanayotoa hewa nje. Povu la sabuni kwenye maungio ya mpira litakuonyesha uvujaji. Kiberiti kikae mbali.

5. Milango, kisha rangi

Kama chini ya slabu kuna kuta za tofali, tayari una makabati, umekosa milango tu. Milango ya fremu za aluminiamu haivimbi na mchwa hawaili. Juu, weka shelfu za wazi za mbao zilizotiwa dawa. Ukutani, nyuma ya moto, paka rangi ya mafuta inayofutika, baada ya kuosha masizi kwa sabuni. Rangi ikipakwa juu ya mafuta itabanduka. Galoni ya lita 4 inatosha jiko dogo.

Mwisho kabisa: makabati ya MDF

MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, hunyonya maji kwenye kingo, ikavimba, na hairudi. Sinki likidondosha tone moja moja, ubao wa chini umekwisha. Ukiwa umeshaamua, basi masanduku ya chini yawe ya plaiwudi ya milimita 18 yenye miguu ya plastiki, MDF ibaki kwenye milango ya juu, na kingo zote nne zizibwe, pamoja na ile isiyoonekana ambayo fundi huiruka.

Sinki inunuliwe kabla kaunta haijakatwa, kwa kuwa tundu hufuata sinki. Marumaru ongeza moja ya kumi juu ya kipimo, na hakikisha namba ya toleo kwenye maboksi yote ni moja. Toleo likitofautiana, rangi nayo hutofautiana, na ukirudi mwezi ujao kutafuta kigae kimoja cha kuziba pengo hutaikuta ile ile.