Mashine ya sloti: ya springi au ya kompyuta?

Wakusanyaji wa mashine hizi za kamari hawaishi kubishania hili. Ya springi inatokana na Charles Fey wa San Francisco, aliyeunda Liberty Bell mwishoni mwa karne ya 19: magurudumu matatu, alama tano tu, na kengele tatu zikijipanga unalipwa senti 50. Picha za matunda zilikuja baadaye, zikiwa ladha za chingamu iliyotolewa kama zawadi.

Kwa uwazi, springi inashinda waziwazi. Magurudumu matatu yenye vituo (mahali pa kusimama) 20 kila moja hutoa michanganyiko 8,000. Fungua mlango uhesabu mwenyewe. Kwenye ya kompyuta inayofuata hataza (hati ya uvumbuzi) ya Inge Telnaes ya 1984, programu huchagua kituo kwanza, gurudumu linafuata tu, hivyo macho hayakuambii kitu. Kwa mandhari, kioo cha kompyuta hakina mpinzani.

Matengenezo? Kwenye springi grisi kuukuu hugandamana, mtambo wa saa unaosimamisha magurudumu unakwama katikati ya mzunguko. Futa grisi yote, tia tone la mafuta mepesi. Kwenye kompyuta, betri ya bodi huvuja na kula njia za shaba, ibadilishe mapema.

Mwenye bisibisi na subira achukue ya springi. Anayejua kulehemu bodi, na anapenda picha zinazocheza, ya kompyuta itamfaa zaidi.