Uzoefu wangu: spirulina kwa farasi, nyota mbili tu

Farasi wangu, jike wa kilo kama 400, yupo banda moja huku Kigamboni. Kila masika visubi vinamwandama, anajisugua mkia kwenye nguzo mpaka unabaki kama brashi iliyochakaa. Muuzaji akaniambia unga wa spirulina, yaani mwani mdogo sana wa majini uliokaushwa, unatuliza muwasho, unaongeza protini na kung'arisha manyoya. Nikanunua.

Protini ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kopo. Ni kweli spirulina kavu ina protini asilimia 60 na zaidi, na flamingo wa Ziwa Natron wanaishi kwa jamii yake. Lakini kijiko kilichomo kinabeba gramu 20, yaani protini gramu 12 hivi. Farasi wa umbo hili, hata asipofanya kazi nzito, anahitaji karibu gramu 500 kwa siku, na nyingi anazipata kwenye kilo nane za nyasi anazotafuna. Hapo umeongeza nini? Anayetafuta protini anunue mashudu ya soya.

Mwanzoni alinusa, akapuliza pua, akaiacha ndoo. Unga unanuka kama dagaa. Kijana wa bandani ndiye aliyetutoa: pumba za ngano, molasi kidogo, maji ya uvuguvugu, na unga wa kuonjesha tu kwanza. Sasa anakula, ila mate ya kijani yanaishia kwenye shati langu.

Muwasho umepungua, lakini siku hizi anavalishwa neti na kuingizwa ndani kabla ya magharibi, visubi havijachachamaa. Jioni tukichelewa, anajikuna vilevile, unga au bila unga. Manyoya kweli yanang'aa. Nyota hizo mbili ni za manyoya.

Kilichoniudhi ni suala la vipimo. Mwani unaovunwa ziwani unaweza kuchanganyika na aina zinazotoa mikrosistini, sumu inayoharibu ini. Jimbo la Oregon, Marekani, ambako mwani huvunwa Upper Klamath Lake, liliweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa kila gramu mwaka 1997. Kopo langu halisemi mwani umetoka wapi wala nani aliupima. Nilipoomba cheti cha maabara, muuzaji alinitumia picha ya farasi anakimbia ufukweni.

Ukiamua kujaribu, dai cheti kwanza, na chukua kopo dogo. Kwa unyevu wa Dar, unga unashika mabonge hujafika nusu.