Tour du Rwanda kwa mtazamaji wa Malindi: mbio za baiskeli nzuri mno, ukijua pa kusimama

Ukisimama kwenye barabara tambarare, safari yote ya kutoka Malindi mpaka Rwanda itakulipa sekunde 12. Hesabu yake ni nyepesi. Kundi kuu likienda kilomita 45 kwa saa linakata mita 12 na nusu kila sekunde, na waendeshaji wasiofika 100 waliobanana hawazidi mita 150 kwa urefu. Utasikia minyororo, utaona rangi, basi. Anayezijua barabara zetu, ile ya kuvuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui au ya kushuka Gede, huona ni kawaida kutafuta mahali wazi penye kivuli na kungoja hapo. Rwanda mazoea hayo yatakukosesha mbio. Kule unatafuta mlima, na mlima wenyewe uwe mkali.

Kwa mtu wa Pwani anayetaka kuona mbio za waendesha baiskeli wa kulipwa kwa macho yake, hakuna zilizo karibu zinazoshinda hizi. Tour du Rwanda ilianza 1988, ikaingia kwenye kalenda ya UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huu, mwaka 2009, na tangu 2019 iko daraja la 2.1. Daraja hilo ndilo linaloziruhusu timu kubwa za Ulaya kuja. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara 4, alishiriki 2023. Mbio huchukua siku 8 mwishoni mwa Februari, mkondo mmoja, yaani kipande kimoja cha mbio, kila siku, na kusimama kando ya barabara ni bure.

Mahali pa kwanza pa kusimama ni Nyamirambo, jijini Kigali. Juu ya mtaa huo kuna mpando mkali wa barabara ya mawe yaliyotandikwa unaoitwa Mur de Kigali, yaani ukuta wa Kigali, na wenyeji hupaita Kwa Mutwe. Urefu wake ni mita 400 na mwinuko wake wastani wa asilimia 11, yaani kila ukienda mita 100 umepanda 11. Hapo hata bingwa hushuka mpaka kasi ya kilomita 15 au 16 kwa saa, kwa hiyo ukichagua sehemu inayokuonyesha ukuta mzima utamtazama mtu mmoja kwa dakika moja na nusu, uso kwa uso, mdomo wazi. Kundi limekwisha kukatika vipande. Baina ya wa kwanza na wa mwisho inaweza kupita robo saa, na huo ndio utamu: unawaona wanaopigania ushindi, kisha wasaidizi waliomaliza kazi yao, kisha wale wanaopigania tu kufika kabla muda haujafungwa. Mikondo ya Kigali mara nyingi huwa ya kuzunguka, hivyo watapita tena na tena. Tazama ramani ya mkondo inapotangazwa, uhesabu ukuta huo unapandwa mara ngapi. Ukiwa mara moja tu, siku hiyo nenda kwingine.

Usisimame chini kabisa ya ukuta. Huko wanaingia kwa kasi wakigombea nafasi ya mbele, na mawe yakiwa na maji magurudumu huteleza. Usisimame kileleni pia, maana watu hujazana na hutaona ila migongo ya wenzako. Theluthi ya mwisho, upande wa nje wa kona, ndipo penyewe. Fika saa mbili na nusu kabla ya muda uliotangazwa, kwa sababu polisi wakishafunga barabara bodaboda hazipiti na utapanda kwa miguu. Kigali ni vilima vitupu, na miguu iliyozoea usawa wa bahari huchoka kwenye mita 1,500 haraka kuliko unavyodhani.

Sababu nyingine ya kuipenda Nyamirambo: ni mtaa wa Waislamu tangu zamani, Kiswahili kinazungumzwa, misikiti iko karibu na chakula cha halali si cha kutafuta kwa tochi. Mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma na chai ya maziwa utavipata. Miaka hii Ramadhani imeangukia majira ya mbio, basi anayefunga apange kusimama upande wenye kivuli cha mchana. Jua la kule halina upepo wa bahari wa kulipoza, na ngozi huungua hata kukiwa na baridi.

Ukitaka mashamba badala ya mji, panda basi kituo cha Nyabugogo uelekee Musanze. Mara barabara inapotoka bondeni inaanza kupanda Kanyinya na Shyorongi, mwinuko mrefu wenye mashamba ya ngazi kila upande na watoto wa vijiji vyote wamejipanga kandoni. Huu hauna ukali wa Mur, na kundi kubwa laweza kupita likiwa bado pamoja, lakini unaliona likija kutoka mbali, kona baada ya kona, na ukikaa juu ya ukingo wa barabara unapata picha ambayo televisheni haikupi. Mkondo ukipita huko mapema bado utarudi Kigali jioni. Zaidi ya Musanze, kuelekea Rubavu kwenye Ziwa Kivu, mandhari ni nzuri kupita kiasi ila usafiri wa kurudi siku hiyohiyo ni mgumu, kwani mabasi yote hungoja barabara ifunguliwe kisha hujaa kwa pamoja. Lala huko au usiende.

Utepe wa kumalizia ndio tunaoupa alama ya chini kabisa. Uzio wa chuma unaanza mbali, nafasi za mbele ni za wageni rasmi na wapiga picha, na mtazamaji wa kawaida huishia kuona kofia za helmeti zikipita juu ya mabega ya watu. Mbio zinapomalizikia kilimani Rebero, shuka kilomita moja chini ya utepe. Hapo ndipo mashambulizi ya mwisho hufanyika, yaani mtu kuchomoka ghafla kuwaacha wenzake, na hakuna uzio.

Kuna jambo linalowaponza wageni kila mwaka nalo ni kutojua msafara unavyopangika. Kwanza hupita pikipiki za polisi, na kati ya pikipiki hizo na mbio panaweza kuwa na dakika kadhaa za kimya. Gari lenye bendera nyekundu ndilo linalotangulia waendeshaji. Waliochomoka mbele wakishapita, barabara huonekana tupu, na hapo ndipo mtu huvuka kununua maji. Kosa kubwa hilo. Kundi kuu liko nyuma, halafu magari ya timu yenye baiskeli juu ya paa, yanayokimbia kuliko baiskeli zenyewe kwa sababu fundi anawahi mtu aliyepasuka gurudumu. Halafu daktari, gari la wagonjwa, na mwisho kabisa gari lenye bendera ya kijani. Bila bendera ya kijani, usivuke. Kumbuka pia kwamba Rwanda magari hupita kulia. Sisi tumefunzwa kuangalia kulia kwanza, kule hatari ya kwanza inatoka kushoto.

Wanaokwenda kushangilia wakiwa na leso, wazikunje mikononi. Kitambaa kinachopepea kikishika usukani wa baiskeli moja kinaangusha ishirini. Malindi, mji wenye Waitaliano wengi, jina la Vincenzo Nibali, mwendesha baiskeli wa Italia, si geni: mwaka 2018 kwenye mlima Alpe d'Huez mkanda wa kamera ya mtazamaji ulinasa baiskeli yake, akaanguka, akavunjika pingili ya uti wa mgongo na Tour de France yake ikaishia hapo. Mwaka 2021 mtazamaji mwingine alinyoosha bango la karatasi ngumu barabarani ili televisheni imwone, na sehemu kubwa ya kundi ikalala chini. Simu nayo ni hivyohivyo. Kioo chake hukufanya uone baiskeli iko mbali kumbe iko kwenye kiwiko chako. Mgongo ukutani, mikono ndani, sauti ndiyo itoke.

Ratiba ya mbio huandikwa kwa makadirio matatu ya kasi, na watu wengi husoma safu moja tu. Tofauti si ndogo: kilomita ya 100 hufikiwa kwa saa 2 na dakika 38 wakienda 38 kwa saa, na kwa saa 2 na dakika 23 wakienda 42. Fuata safu ya kasi zaidi, uvumilie kungoja. Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Malindi ikiwa saa sita mchana, Kigali ni saa tano. Simu hujirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haijirekebishi. Redio ndogo ya betri inafaa kuliko intaneti, kwani mtandao huelemewa penye umati. Matangazo ni ya Kinyarwanda, lakini majina ya waendeshaji na mahali utayakamata, na jirani yako wa Nyamirambo atakufasiria mengine kwa furaha.

Safari yenyewe: Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120 kwa matatu, kisha treni ya SGR kutoka Miritini hadi Nairobi, kisha basi la kupitia Kampala na mpaka wa Gatuna. Kutoka Nairobi weka siku nzima na usiku wake. Ndege ya Nairobi hadi Kigali ni saa moja na nusu, na mwenye uwezo asijiulize mara mbili, kwa sababu ukifika umechakaa hutakuwa na nguvu ya kupanda Mur. Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Uganda inadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, basi usiiachie wiki ya mwisho. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na huchukuliwa mpakani. Kikapu cha ukindu kinatosha. Beba sweta nzito, koti la mvua na faranga taslimu za noti ndogo.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi kwa saa za kule. Maduka hufungwa na magari ya abiria husimama. Kwa kuwa mbio huangukia wiki ya mwisho ya Februari, siku hiyo mara nyingi imo ndani. Nunua maji na mkate Ijumaa, na ulale mahali unapoweza kwenda kwa miguu mpaka pa kusimama.

Wapo wanaosema waliokosa mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, wamekosa kila kitu. Yale yalikuwa makubwa kweli: mara ya kwanza Afrika, kilomita 267 na nusu kwa wanaume, na bingwa Tadej Pogačar wa Slovenia akashambulia Mont Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Wakamaliza watu 30 tu. Lakini mlima ni uleule na mawe ni yaleyale, na mwezi wa Februari watazamaji ni wachache kuliko siku ile. Utasimama hatua moja na mwendeshaji wa Eritrea au wa Rwanda mwenyewe anayepigania jezi ya njano ya kiongozi wa mbio. Ukiwa na siku tatu tu, chukua Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya mwisho, uondoke Jumatatu. Usikate tiketi ya Jumapili jioni, kwani mkondo wa mwisho ukichelewa kwa mvua barabara za Kigali hazifunguliwi kwa ajili ya basi lako.