Taa au pete ya Aladini: ipi inafaa zaidi?

Katika vijiwe vya kahawa vya Majengo, Dodoma, ubishi huu hauishi. Kwa nguvu, taa haina mpinzani, kwani jini wake alijenga kasri kwa usiku mmoja, ilhali jini wa pete, alipoombwa kulirudisha kasri hilo lililohamishiwa Afrika na mchawi aliyeinyakua taa, alikiri kwamba hawezi kuitengua kazi ya mwenzake, akamchukua tu Aladini hadi lilipo. (Kikomo cha maombi matatu, wanachoking'ang'ania wengi, hakimo katika kisa alichochapisha Mfaransa Antoine Galland mwaka 1712.) Kwa usalama, hata hivyo, pete inashinda: hukaa kidoleni, na ilimwokoa pangoni alimofungiwa na mchawi huyo, alipoisugua bila kukusudia akiomba dua. Taa iliachwa nyumbani siku ya mawindo, mchawi akapita akijifanya mchuuzi anayebadilisha taa kuukuu kwa mpya, naye akapewa. Gharama ya kumwita jini ni kusugua tu, ingawa jini wa taa alighadhibika vibaya alipoagizwa kutundika yai la rukhi, ndege mkubwa mno wa hekaya, kwenye kuba la kasri. Mwenye nyumba ya kufuli madhubuti anayetaka shamba la zabibu Hombolo atafaidika na taa; dereva wa lori anayelala leo Manyoni, kesho Singida, achukue pete.